Ruta Juu ya Mlango wa Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mtu. Nimekubaliwa kuwa Mjaribu.

Niandike kwa utaratibu, kichwa kinakimbia. Nyumba yetu ya wafanyakazi ina ruta moja tu. Iko kwenye rafu ndogo juu ya mlango wa Bomba, fundi wa mabomba. Chumba changu kiko mwisho kabisa wa korido, kupita vyoo. Waifai ikitoka kwa Bomba inafika kwangu imechoka kama mimi nikitoka kazini. Bomba analala chini yake kama mtu aliyetandika mkeka chini ya mfereji, halafu anajifanya hana habari. Mimi ananiita Sabuni, kwa kuwa nafua mashuka ya hoteli kwenye kiwanda cha kufulia. Juzi aliniuliza mbele za watu kama na picha za simu yangu nimezifua, mbona zimefifia. Watu wakacheka. Mzee wa Pasi, ninayelala naye chumba kimoja, ndiye peke yake hakucheka. Alikuwa amelala.

Sasa mama. Jicho la kushoto lilizimika mwaka jana. La kulia linafuata. Mdogo wangu wa kike ndiye anayekaa naye, na jana alinieleza pembeni kwamba daktari kasema jicho hilo halina kurudi. Kilichobaki ni lini. Labda wiki, labda mwezi. Mama hakulia. Alisema anataka kitu kimoja, auone uso wangu sawasawa kabla halijazimika. Tangu nije huku, kila Jumapili tukipigiana video, ananiona vipandevipande. Jana alisema, "Mwanangu, umekuwa ukuta wa bafu. Vigae vitupu." Akacheka. Mimi nilishindwa.

Kwa hiyo nimetafuta njia. Watengenezaji wa ruta yetu wana ukurasa wao mtandaoni, na humo kuna programu mpya ya kuendeshea ruta ambayo bado haijatolewa kwa watu wote. Wanatafuta watu wa kuijaribu. Simu ilinitafsiria nusu, nusu nikajazia. Programu hiyo ina kitu kinaitwa kipaumbele. Unachagua kifaa kimoja, nacho kinapita mbele ya vingine vyote. Yaani simu yangu mbele, simu ya Bomba nyuma, pamoja na marashi anayojipaka akimpigia mchumba.

Nikajaza maombi. Elimu: ya kutosha. Uzoefu: miaka mingi na mashine kubwa. Si uongo. Mashine ya kukamulia mashuka ni kubwa kuliko gari la msimamizi wetu wa kiwanda.

Jibu lilirudi hapohapo. "Mpendwa Mjaribu." Tangu nishuke nchi hii hakuna aliyeniita mpendwa.

Aliyeniandikia anaitwa Usijibu. Jina geni, lakini kila mtu na wazazi wake. Nimemjibu kumshukuru na kumuuliza hali ya familia.

Jumanne, 4 Machi

Kikwazo. Ili niingie ndani ya ruta nahitaji neno la siri, na neno la siri limebandikwa chini ya tumbo lake. Nikamwendea Mama Funguo, msimamizi wa nyumba, nikajitolea kufuta vumbi korido nzima. Alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi kashika fagio. Akauliza nimekosa nini. Nikasema usafi ni afya. Akasema haya, lakini akanifuata nyuma hadi mlango wa jikoni.

Nilipanda stuli mbele ya mlango wa Bomba. Mlango ukafunguka. Akaniuliza naiba balbu au naning'inia tu. Nikamwambia nafuta vumbi. Akasema vumbi la juu halimsumbui, nianze na lililo kichwani mwangu.

Neno la siri niliandika kwa kalamu kwenye kiganja. Nikaenda zamu. Mvuke, maji ya moto, sabuni. Kufika saa sita kiganja cheupe kama shuka.

Nimefuta vumbi mara ya pili jioni. Mama Funguo kauliza kama naumwa.

Jumatano, 5 Machi

Programu imeingia.

Nilibonyeza mchana, watu wachache wakiwa ndani. Taa ya ruta ikawa nyekundu. Korido nzima ikaguna kwa pamoja. Mtu wa chumba cha pili akatoka na taulo akiuliza nani kakata. Jikoni Mama Funguo alikuwa anatazama tamthilia kwenye televisheni inayotumia waifai, akapiga kelele kwamba wamekata bibi harusi akiwa mlangoni. Mimi nililala kitandani na kujifunika uso. Mzee wa Pasi akauliza kulikoni. Nikamwambia hakuna kitu. Akasema basi kama hakuna kitu, mbona nimelala na viatu.

Baadaye taa ikawa bluu. Nikaingia kwenye mipangilio. Kipaumbele kipo kweli. Lakini orodha ya vifaa ni namba na herufi, hakuna majina ya watu. Nikachagua kile kilichokuwa juu kabisa. Kilionekana kina heshima.

Usijibu ana masharti mawili. La kwanza, kila wiki ruta lazima ijizime na kujiwasha upya mara moja ili itume ripoti kwao. Mjaribu anachagua siku na saa. Nilifikiria sana. Bomba anapumzika Alhamisi, na Alhamisi saa tisa alasiri ndipo anapompigia mchumba wake. Nikachagua Alhamisi, saa tisa alasiri.

Sharti la pili ni onyo. Toleo hili lisitumike mahali ambapo kukatika kwa mtandao kunaweza kuleta madhara. Nikawaza, hii ni nyumba ya vibarua. Madhara gani? Nimekubali.

Alhamisi, 6 Machi

Siku njema kuliko zote tangu nije huku.

Nilirudi zamu ya asubuhi mgongo ukiwa haupo. Nikaweka kiti korido, nikajifanya nakata kucha. Saa tisa kasoro Bomba akatoka mlangoni amevaa lile shati lake jeupe la kola ngumu, amechana nywele, amejipaka marashi. Marashi kwa ajili ya simu. Akaanza: mpenzi, nimekuwaza, umekula? Saa tisa kamili taa juu ya kichwa chake ikawa nyekundu.

Halo. Halo? Akapunga simu hewani. Akapanda stuli. Akashuka. Akapiga ukuta kwa kiganja. Akanigeukia akaniuliza, "Sabuni, na kwako imekata?" Nikamwambia kwangu huwa imekata siku zote, siwezi kujua tofauti.

Iliporudi, mchumba alikuwa amekasirika, anaamini amekatiwa simu makusudi. Nilisikia Bomba akiapa kwa mama yake. Kucha zote kumi zimekatwa vizuri.

Mzee wa Pasi amesema usiku wa jana aliota yuko kwao. Sijui kwa nini ameniambia.

Jumapili, 9 Machi

Aibu.

Nilinyoa. Nilikaa dirishani mwanga uje mbele. Nilifunga mdomo upande wa jino lililong'oka. Simu ikaunganika, nikamwona mama amekaa kitandani, kichwa amekiinua kama mtu anayesikiliza mvua. Nikamwambia, mama, leo utaniona, nimefanya mipango. Akasogeza simu kwenye jicho, karibu kabisa, mpaka nikaona kope tu.

Vigae. Vikubwa kuliko vya wiki iliyopita.

Akasema, "Naona kitu cheusi na kitu cha kijivu. Wewe ni kipi?" Nikamwambia cha kijivu ni pazia. Halafu picha ikaganda, sauti ikaenda, mdogo wangu akabaki anasema kaka, kaka, kaka.

Nikatoka korido na hasira. Jikoni televisheni inang'aa. Tamthilia ya Mama Funguo safi kama maji ya chupa, machozi ya yule bibi harusi unaweza kuyahesabu. Mama Funguo mwenyewe akasema wiki hii televisheni imebarikiwa, hata haisitisiti.

Jumatatu, 10 Machi

Kile kifaa chenye heshima ni televisheni ya jikoni. Nimeipa kipaumbele siku tano.

Nimerekebisha. Nilizima simu yangu nikaangalia ni namba gani imepotea kwenye orodha, nikaiwasha nikaiona imerudi. Sasa simu yangu ndiyo ya kwanza. Akili ninayo, shida yangu ni haraka.

Nimemwandikia Usijibu ripoti ndefu. Nimemweleza kuhusu televisheni, kuhusu jicho la mama, kuhusu Bomba, na nikapendekeza vifaa viandikwe majina ya wenyewe. Amejibu: ripoti yako imepokelewa. Mtu wa maneno machache. Lazima ana kazi nyingi.

Mdogo wangu kasema jana jioni mama aligonga mlango wa kabati akidhani ni wa nje. Nimemwambia amwambie Jumapili hii ni uhakika.

Jumatano, 12 Machi

Baba yake Bomba amefariki.

Nilikuta watu wamejaa korido. Bomba amekaa chini kizingitini mwake na nguo za kazi, matope ya bomba kwenye magoti, simu mkononi haitazami. Mama Funguo amesimama na kikombe cha chai ambacho hakuna anayekipokea. Bomba akaniona akasema tu, "Sabuni, mzee kaondoka." Nikamwambia pole.

Mazishi ni kesho. Kwenda hawezi, hakuna mtu humu anaweza. Kwa hiyo ni karai.

Nieleze karai. Hakuna aliyeliandika mahali, nimelikuta. Mzee wa Pasi ndiye aliyelianzisha, walipokuwa wanamzika mkewe na picha ikawa inakatika kwa sababu watu vyumbani wanatazama mpira. Tangu hapo, mwenzetu akifiwa, karai la kufulia linawekwa nje ya mlango wa jikoni. Kila mtu anazima simu yake na kuiweka humo, mbele ya macho ya wengine, na Mama Funguo anazima televisheni. Mtandao wote unakuwa wa mfiwa. Anazika kwa macho. Mjomba wangu nilimzika hivyo. Nakumbuka simu ya kwanza kuingia karaini ilikuwa ya Bomba.

Mazishi yameandikwa saa saba kwa saa zetu. Nimepiga hesabu. Saa saba, sala, hotuba, saa nane wamemaliza. Ruta inajizima saa tisa. Nafasi ipo.

Ningeweza kuhamisha ile saa. Nimesoma maelezo. Ukibadili saa ya kujizima, mipangilio yote inafutika na kipaumbele kinafungwa mpaka wiki inayofuata. Wiki inayofuata ni baada ya Jumapili.

Nafasi ipo.

Alhamisi, 13 Machi

Walichelewa.

Gari lililobeba mwili liliharibika njiani. Saa saba ikapita, tunaona kiwanja na viti vitupu. Saa nane, watu wameanza kujaa. Simu ya Bomba ilikuwa imeegemezwa kwenye stuli, yeye amepiga magoti mbele yake na lile shati jeupe. Sisi nyuma yake, tumesimama ukutani pande mbili za korido, mikono imefungwa mbele. Picha ilikuwa safi. Ulikuwa unaona hata upepo kwenye nguo za watu.

Saa nane na nusu wakaleta jeneza. Kaka yake Bomba ndiye aliyeshika simu kule, akaisogeza karibu, akasema, "Mdogo wangu, uko? Mzee huyu hapa." Bomba akasema niko, kaka, niko.

Saa ya ukutani iko juu ya mlango wa jikoni. Chini yake karai. Ndani ya karai, simu yangu, chini ya simu za watu wote. Ili kuizuia ruta nilihitaji ile simu. Ningesema nini? Naomba simu yangu mara moja, msiba uendelee? Wangeuliza ya nini. Nilihesabu nani amesimama wapi. Mama Funguo alikuwa ameketi karibu na karai, mkono mmoja juu ya ukingo wake, kama mtu anayelinda chungu kisimwagike.

Nikasogea hatua. Mzee wa Pasi akanishika kiwiko. Alidhani nataka kwenda kumshika Bomba. Akaninong'oneza, "Mwache. Huyu anataka kuona mwenyewe."

Mchungaji akamaliza. Wanaume wanne wakashika kamba. Kaka yake akasogea na simu ukingoni ili Bomba aone chini.

Taa ikawa nyekundu.

Picha ilibaki imeganda. Mkono wa mtu, kamba, na kona ya jeneza ikiwa nusu ndani nusu nje. Bomba hakupiga kelele. Alisema halo. Akasema tena halo. Akaishika simu kwa mikono yote miwili akaitikisa polepole, kama unavyomwamsha mtoto. Mama Funguo akauliza nani hajaweka simu, nani, na watu wakageuziana macho, wakaanza kuonyeshana mifuko mitupu. Na mimi nikageuza mifuko yangu. Ilikuwa mitupu.

Iliporudi kulikuwa na kilima cha udongo na mwanamke anapanga maua.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefua mashuka leo kama mtu anayelipiza kisasi. Msimamizi kanisifu.

Jioni Mama Funguo aliitisha watu. Akasema ruta ina pepo. Fundi wa kampuni atakuja akipata nafasi, na mafundi hao nafasi hawapati. Nani humu anaelewa mambo haya? Mzee wa Pasi akasema, muulizeni Sabuni, ndiye mnamwona kila siku yuko juu yake na kitambaa.

Wakanitazama. Nikasema naelewa kidogo.

Nikapanda stuli. Bomba mwenyewe akaishikilia, maana mguu mmoja unacheza. Nilibonyeza hiki, nikagusa kile, nikapuliza vumbi ambalo halipo. Nikatangaza kwamba ni umeme. Umeme ulishuka ghafla, ruta ikashtuka. Wote wakatikisa kichwa. Umeme wa hapa wanaujua.

Kutoka chini Bomba akaniambia kaka yake alimweleza. Walingoja kidogo. Walimwita jina kwenye simu mara nyingi, mpaka wazee wakasema mawingu yanakuja, endeleeni. Halafu akaniuliza kama ile picha iliyopotea huwa inabaki humo ndani ya ruta, mahali fulani, ambapo mtu anayejua anaweza kuitoa.

Nikamwambia haibaki.

Akasema sawa. Alikuwa ananitazama kutoka chini na macho mekundu, hana utani wowote usoni. Nilifungua kinywa nimwambie. Nikasema, shika stuli vizuri.

Jumamosi, 15 Machi

Sikulala vizuri. Niliamka nimeamua kufuta programu yote na kurudisha ile ya zamani. Nilifika hadi kwenye kitufe. Lakini Jumapili ni kesho, na jicho la mama halingoji dhamiri yangu. Nikaahirisha.

Mchana Bomba akaja chumbani kwetu. Hajawahi kufika huku mwisho. Akatazama ukuta wenye unyevu, akatazama simu yangu imening'inizwa dirishani kwa kamba ili ishike waifai. Akasema, "Kumbe ndugu yangu unaishi hivi." Mzee wa Pasi alimwambia habari za macho ya mama. Mzee huyo analala mchana kutwa lakini hakuna asichokijua.

Bomba akasema kesho nisipigie huku. Nipigie chumbani kwake, chini ya ruta kabisa, kitandani kwake. Yeye atakaa nje alinde mlango. Na amezungumza na Mama Funguo, wataweka karai.

Nikamwambia karai ni la msiba. Mama yangu yu hai.

Akasema ndiyo maana. Mtu awahi kuonana na mama yake wakati mama bado anaona.

Halafu akanipa lile shati jeupe, limefuliwa, limepigwa pasi. Akasema shati langu la kijivu ndilo lililomfanya mama asinitofautishe na pazia.

Sikuweza kula. Lakini niseme ukweli wangu hapa: nilifurahi pia. Kipaumbele changu, ruta juu ya kichwa, na karai. Haiwezi kushindwa.

Jumapili, 16 Machi

Imekubali!

Picha ilikuwa safi ajabu. Programu ile inafanya kazi kama walivyoahidi. Nimekaa kwenye kitanda cha Bomba, shati kola ngumu, taa ya bluu juu ya mlango, korido kimya, simu zote karaini. Nilimwona mama mpaka mikunjo ya shingo. Nilimwona mdogo wangu nyuma yake ameshika simu na mtandio ameubana mdomoni.

Nikasema, mama, nitazame.

Akainua uso. Akatabasamu kwa meno yote aliyonayo. Akasema, "Nakuona, mwanangu. Leo nakuona vizuri kabisa. Vigae vyote vimeondoka."

Nikamuuliza ananionaje. Akasema nimenenepa. Nimependeza, mashavu yamejaa, huko wananilisha vizuri, sasa moyo wake umetulia. Na akasema hilo shati jekundu limenikaa, ndiyo rangi yangu tangu nikiwa mdogo.

Mdogo wangu akageuka akatazama ukutani. Nikamwambia ashike simu sawasawa, inayumba.

Tuliongea muda mrefu. Mama alikuwa anatazama kidogo pembeni, upande ambako sauti inatokea. Mwishoni alibusu kioo cha simu, akakosa, akabusu kidole cha mdogo wangu.

Nilipotoka Bomba alikuwa ameketi kizingitini na mgongo mlangoni. Akauliza, "Kakuona?" Nikasema kaniona. Akasema, "Basi." Akanishika bega, hakuondoa mkono haraka.

Jumatatu, 17 Machi

Jambo moja linanisumbua. Shati ni jeupe. Nimelitoa, nimelipeleka dirishani, nimelitazama mbele na nyuma. Jeupe.

Kunenepa ni sawa, kamera huwa zinavimbisha watu. Nguo za kazi zimenipwaya, lakini hilo kamera haiwezi kulijua. Rangi ndiyo hitilafu. Nimefikiri asubuhi nzima nikikunja mashuka na nimepata jibu. Toleo hili linatuma picha safi lakini linakosea rangi. Nyeupe inatoka kwetu, nyekundu inafika kule. Nimemwandikia Usijibu hatua kwa hatua, kama anavyotaka. Tatizo: rangi. Aliyeliona: mama.

Mdogo wangu katuma ujumbe wa sauti. Anasema, kaka, Jumapili ijayo usihangaike na video. Piga ya kawaida tu. Sauti inamtosha. Halafu anasema, tafadhali kaka. Huyu tangu utotoni hapendi kushikilia kitu kwa muda mrefu. Hata taa alikuwa ananishikia huku analalamika.

Na tazama bahati. Sijamaliza kusikiliza, barua pepe ikaingia. Mpendwa Mjaribu, toleo jipya la majaribio liko tayari, baadhi ya matatizo yamerekebishwa. Baadhi. Hapo lazima kuna rangi. Usijibu hasemi, lakini anasoma.

Toleo jipya linauliza tena siku na saa ya kujizima. Limeniwekea ileile, Alhamisi saa tisa alasiri. Hapo nilisimama kidogo. Bomba aliniambia Alhamisi hii, saa yake ileile ya simu, kaka yake atakwenda kaburini na simu amwonyeshe lilivyo. Lakini nikigusa saa, kipaumbele kinafungwa mpaka wiki ijayo, na daktari alisema labda wiki, labda mwezi. Na kaburi halina haraka. Siku yoyote litakuwa palepale.

Sikuigusa. Nimebonyeza Kubali.

Taa imekuwa nyekundu. Kule mbele ya korido namsikia Bomba anasema halo, halo, halafu ananiita, si Sabuni, ananiita fundi, njoo uitazame. Nimemjibu nakuja. Nimekaa kwanza kitandani nangoja iwe bluu.